Tazama kinachofuata "and"

Machi 2017, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Boston, Marekani, ilitoa hukumu iliyotegemea maneno matano ya Kiingereza: "packing for shipment or distribution". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy, katika jimbo la Maine, walikuwa wakidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo hilo inataka anayefanya kazi zaidi ya saa 40 kwa wiki alipwe mara moja na nusu, lakini iliwaondoa katika haki hiyo watu wa kazi fulani zinazohusu mazao, nyama, samaki na vyakula vinavyoharibika. Kazi zenyewe iliziorodhesha hivi: "canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing for shipment or distribution".

Kampuni ikasema kazi ya mwisho kwenye orodha ni "distribution", usambazaji. Dereva anasambaza, kwa hiyo hadai kitu. Madereva wakasema kazi ya mwisho ni "packing", ufungaji wa bidhaa, iwe zinafungwa ili zisafirishwe au ili zisambazwe. Wao hawafungi chochote, wanaendesha malori.

Magazeti yaliivumisha kama kesi ya mkato, maana mkato mmoja kabla ya "or" ungemaliza ubishi wote. Sina ugomvi na mkato. Ila mawakili wa madereva walikuwa na hoja nyingine ambayo wengi waliipita haraka, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Walisema: tazameni maumbo ya maneno. Kila kazi ambayo pande zote mbili zinakubali kwamba imo kwenye orodha inaishia na "-ing", kuanzia "canning" hadi "packing". Kisha ghafla yanaingia maneno mawili yasiyo na "-ing", yaani "shipment" na "distribution". Hayo mawili yanafanana yenyewe kwa yenyewe, na hayafanani na mengine. Basi ni pacha, yote yako chini ya "for", na yote yanaeleza bidhaa zinafungwa kwa ajili gani. Kama mtunga sheria angetaka usambazaji uwe kazi inayojitegemea, angeandika "distributing".

Kampuni nayo ilikuwa na jibu, na si jibu la kupuuzwa. Ikiwa "packing" ndiyo ya mwisho, mbona hakuna "or" mbele yake kama orodha zote za Kiingereza zinavyotaka? Na kama "shipment" na "distribution" ni kitu kimoja, kwa nini kukitaja mara mbili? Jaji David Barron, aliyeandika hukumu hiyo, aliona sentensi ina utata wa kweli, na kwa kuwa sheria za mishahara za Maine hutakiwa kusomwa kwa upana ili zitimize lengo lake la kumlinda mfanyakazi, madereva wakashinda. Mwaka uliofuata pande hizo zilimalizana kwa dola milioni 5. Bunge la jimbo nalo liliiandika upya sentensi: liliweka nuktamkato kati ya kazi na kazi, kisha likaondoa "distribution" na kuweka "distributing". Nuktamkato peke yake zingetosha. Watunga sheria waliamua kurekebisha na umbo la neno pia, na marekebisho hayo ya pili ndiyo ninayotaka kuyazungumzia.

Walimu wa Kiingereza huyaita mambo haya "parallel structure". Sisi katika isimu tumezoea kusema usambamba. Shuleni hufundishwa kama pambo, mbinu ya wahutubu: Lincoln pale Gettysburg mwaka 1863, Martin Luther King pale Washington mwaka 1963, mafungu matatu yanayopishana kwa mdundo mmoja. Mdundo upo, na ni mtamu. Lakini anayedhani usambamba ni mdundo tu ataukumbuka siku anapoandika hotuba na kuusahau siku anapoandika mkataba, na kwenye mkataba ndiko unakohitajika zaidi.

Sababu iko kwenye umbile la lugha yenyewe. Kiingereza cha miaka elfu iliyopita kilikuwa na viambishi tamati vingi vilivyoonyesha neno gani linakwenda na lipi. Karibu vyote vimekwisha. Kivumishi cha leo hakibadiliki kufuata nomino, na nomino imebaki na wingi na umilikishi tu. Sisi tunaoandika Kiswahili tumezoea kubebwa na upatanisho bila kuusikia. Nikisema "barua na kitabu nilichonunua", hakuna atakayeuliza kama barua nayo niliinunua, "-cho-" imeshajibu. Mwingereza akisema "the letter and the book that I bought", anayemsikia hana namna ya kujua. Huenda "that I bought" inashika kitabu peke yake, huenda inashika vyote viwili. Lugha isiyo na ngeli inamwachia mwandishi mambo mawili tu ya kumwongoza msomaji, nayo ni mahali neno lilipo na umbo lilivyo. Maneno mawili yakiwa na umbo moja, msomaji huyachukua kuwa ni wenzi, hata kama mwandishi hakukusudia. Yakiwa na maumbo mawili, huyatenganisha, hata kama mwandishi alitaka yaende pamoja.

Ndiyo maana mtu aliyekulia katika Kiswahili hukosea hapa kwa namna yake mwenyewe, tofauti na Mfaransa au Mchina. Chukua sentensi nyepesi: "Anapenda kuogelea, kusoma na kupika." Kwetu hakuna cha kuchagua, maana kitenzi-jina ni kimoja, "ku-", na orodha inajilinganisha yenyewe. Kiingereza kina njia mbili, "to swim" na "swimming", na baada ya "likes" zote zinakubalika. Mwanafunzi anajua kwamba zote ni sahihi, kwa hiyo anazitumia zote katika sentensi moja: "She likes swimming, to read and cooking." Kila kipande kina sarufi yake safi. Kosa liko kwenye maungio.

Tabia nyingine ya Kiswahili imejificha zaidi. Tunaanza na kitenzi chenye njeo, kisha tunaendelea kwa "na ku-": "Mkaguzi alifika shuleni na kukuta paa limeezuliwa." Hiyo "kukuta" haina mtenda wala wakati, vyote inavikopa kwa "alifika". Ni Kiswahili kizuri kabisa, na waandishi wa habari wetu hawawezi kufika aya ya pili bila kukitumia. Kikipelekwa kwenye Kiingereza kinakuwa "The inspector visited the school and finding the roof removed". Nimeiona sura hiyo katika ripoti za miradi na katika kumbukumbu za vikao, tena kwa watu ambao Kiingereza chao kwingine hakina doa. Kiingereza hakikiruhusu kitenzi cha pili kukopa kwa cha kwanza kwa namna hiyo. Kama cha kwanza ni "visited", kinachofuata "and" kiwe "found".

Sasa nenda kwenye karatasi ambayo wasomaji wengi wa safu hii wamewahi kuiandika, ile ya wasifu wa kuombea kazi. Chini ya majukumu utakuta mstari wa namna hii: "Preparing monthly reports, to supervise casual workers, stock control and I was also dealing with customers." Majukumu manne, maumbo manne: kitenzi cha "-ing", kitenzi cha "to", nomino, na sentensi nzima yenye mtenda wake. Ofisa anayepitia maombi huenda asiweze kutaja kosa, lakini atasoma mstari huo mara mbili, na mwombaji kazi hataki kusomwa mara mbili kwa sababu hiyo. Ukiweka yote kwenye "-ing" mstari unanyooka: "Preparing monthly reports, supervising casual workers, controlling stock and dealing with customers." Binafsi napendelea kuyaweka katika wakati uliopita, "Prepared, supervised, controlled, dealt with", kwa kuwa hapo kila neno linasema jambo lililofanyika na kwisha. Hilo ni la ladha. La lazima ni kuchagua umbo moja na kukaa nalo.

Njia ya kukagua ni fupi. Tafuta neno linalounga: "and", "or", "but", "than". Usianze na mwanzo wa sentensi. Anza na kilicho mara tu baada ya kiungo hicho, kitambue ni kitu gani, kisha rudi nyuma ukamtafute mwenzake. Kama kinachofuata ni "to" na kitenzi, huko nyuma lazima pawe na "to" na kitenzi kinachoweza kushikana nacho. Wengi husoma kutoka kushoto kwenda kulia na kuona kila kitu kiko sawa, kwa sababu kosa hili halionekani mpaka uwe umeshajua mwisho.

Kuna sura moja ya kosa hili ambayo naiona kuliko zote, na siioni kwa wanafunzi tu bali hata kwenye magazeti ya London na New York. Ni hii, kama inavyotokea katika barua za kumpendekeza mtu: "She is hardworking, honest and has a driving licence." Inapita masikioni bila kukwaruza. Ikague sasa. Baada ya "and" kuna "has". Rudi nyuma: "honest", "hardworking". Vyote viwili vinaning'inia kwenye "is". Ukikiweka kipande cha tatu mahali hapohapo unapata "She is has a driving licence", na hapo kila mtu anashtuka. Mwandishi ameanza orodha ya sifa tatu na kuimaliza kwa kitenzi kipya.

Kwetu sentensi hiyo haina tatizo: "Ni mchapakazi, mwaminifu na ana leseni ya udereva." Kiswahili kinaruhusu "ni" na "ana" zikae kwenye safu moja bila malalamiko, na nadhani ndiyo sababu kosa hili kwetu halitoki kirahisi. Dawa yake pia watu huiogopa, kwa kuwa inataka "and" mbili: "She is hardworking and honest, and has a driving licence." Mwalimu wa darasa la saba aliwaambia wasirudie "and". Lakini hapa kuna orodha mbili, ndogo ndani ya kubwa. Sifa mbili zimeungwa chini ya "is", kisha kirai chote cha "is" kimeungwa na kirai cha "has". Orodha mbili zinadai viungo viwili. Ukiinyima moja kiungo chake, msomaji atadhani orodha ni moja.

Viungo vinavyokwenda viwiliviwili vina masharti makali zaidi, kwa sababu vinaweka alama pande zote mbili. Hivi ni "either" na "or", "both" na "and", "neither" na "nor", "not only" na "but also". Kinachofuata cha kwanza kilingane na kinachofuata cha pili. "The hospital not only treats patients but also their families": baada ya "not only" kuna kitenzi, baada ya "but also" kuna nomino. Sogeza neno moja, "The hospital treats not only patients but also their families", na mizani inakaa. Katika mazungumzo Waingereza wenyewe huziachia hizi "either" na "not only" zielee popote, na hakuna anayekosa kuelewa. Sioni haja ya kumkatiza mtu anayezungumza. Mkataba wa pango ni jambo jingine. "The tenant shall either give notice in writing or by telephone" inataka iandikwe "give notice either in writing or by telephone", kwa sababu siku ya ugomvi kila neno litapimwa lilipokaa.

Neno dogo "that" ndilo naliona likigharimu zaidi katika uandishi wa habari. Soma: "The minister said that the road would be tarred by June and the villagers would be compensated." Nani amesema wanakijiji watalipwa fidia? Labda waziri. Labda mwandishi amejiongezea kwa kuwa ndivyo anavyoamini. Sentensi inaruhusu yote mawili, na gazeti linaweza kujikuta limetoa ahadi ya serikali ambayo serikali haikuitoa. Rudia "that": "said that the road would be tarred by June and that the villagers would be compensated". Sasa ahadi zote mbili ni za waziri, na kama hakuitoa ya pili, mwandishi atakuwa amesema uongo ulio wazi, si utata. Wahariri wanaofuta "that" ili kuokoa nafasi wangeokoa kwingine.

Kuhusu ulinganishi sitakaa sana. "The coast of Tanzania is longer than Kenya" inalinganisha pwani na nchi nzima. Kiswahili kinatuokoa kwa "ya" tu: "pwani ya Tanzania ni ndefu kuliko ya Kenya". Kiingereza kinataka "than that of Kenya" au "than Kenya's". Tatizo ni lilelile, upande mmoja wa "than" kuna kitu na upande wa pili kuna mwenye kitu.

Mitihani ya kimataifa iliufanya usambamba uwe mtego. TOEFL ya zamani, ile ya kujibu kwenye karatasi, ilikuwa na sehemu nzima ya muundo wa sentensi ambamo maswali ya aina hii hayakukosekana, na GMAT, mtihani wa wanaotaka shahada za uzamili za biashara, uliyauliza hadi ulipobadilishwa mwaka 2023 na sehemu ya kusahihisha sentensi ikaondolewa. Watahiniwa walifunzwa kuwinda neno lenye sura tofauti na jirani zake. Uwindaji huo umeacha imani potofu kwamba vitu vinavyoungwa lazima viwe vya aina moja ya maneno, nomino na nomino, kivumishi na kivumishi. Si kweli. "She was tired but in good spirits" inaunga kivumishi na kirai cha kihusishi, na hakuna mwandishi makini wa Kiingereza angeigusa. "He spoke slowly and with great care" vilevile. Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi yao kubwa iliyochapishwa Cambridge mwaka 2002, wanaweka kipimo kinachofaa zaidi. Kila kipande kiweze kusimama peke yake mahali pa orodha nzima, na kifanye kazi ileile. "She was tired." "She was in good spirits." Vyote vinasimama na vyote vinaeleza hali yake, basi viache pamoja. Kumlazimisha mwanafunzi aandike "tired but cheerful" kwa sababu ya sura ya maneno ni kumfundisha sheria ambayo haipo.

Upande wa pili kuna wale wanaovunja usambamba kwa makusudi wakidhani wanapamba. William Strunk, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliwaona tangu mwaka 1918 alipochapisha kijitabu chake cha uandishi kwa ajili ya wanafunzi wake, kijitabu ambacho mwanafunzi wake wa zamani, E. B. White, alikikarabati mwaka 1959 na kukifanya maarufu. Strunk alisema mwandishi asiye stadi hudhani kimakosa kwamba inampasa abadilishe umbo kila mara. Kwetu dhana hiyo inalelewa tangu shule ya msingi. Matokeo yake ni sentensi kama hii: "The district has twelve clinics, the number of schools is forty, and one can also find three markets." Idadi tatu zimevalishwa nguo tatu. Msomaji anaanza kujiuliza kama kuna tofauti kati ya kuwa na zahanati na kuwepo kwa idadi ya shule. Hakuna. "The district has twelve clinics, forty schools and three markets."

Inafurahisha kwamba mtu aliyelipa jambo hili jina lake la kitaaluma hakuwa akichunguza Kiingereza. Robert Lowth, profesa wa ushairi pale Oxford, alichapisha mwaka 1753, kwa Kilatini, mihadhara yake kuhusu ushairi wa Kiebrania, na humo akaonyesha jinsi Zaburi zinavyojengwa kwa mistari miwili inayojibizana, wa pili ukirudia, ukipinga au ukiendeleza wa kwanza. Mwaka 1762 mtu huyohuyo akatoa kitabu cha sarufi ya Kiingereza kilichotawala madarasa kwa miongo mingi. Kwa kuwa mjibizano wa mistari ya Zaburi haukai kwenye vina, unavuka salama katika tafsiri. Anayesoma Zaburi kwa Kiswahili anausikia waziwazi kama anayezisoma kwa Kiingereza.

Nguvu ya usambamba ya kusawazisha vitu ina hatari yake, na wakufunzi wa uandishi hawaitaji vya kutosha. Orodha yenye umbo moja humwambia msomaji kwamba vilivyomo vina uzito mmoja. Mwandishi wa habari wa mkoani anaandika: "The fire claimed three classrooms, a library and the watchman's son." Ikague kwa kipimo chochote nilichotaja hapo juu, itapita. Nomino tatu, kila moja inasimama vizuri baada ya "claimed". Ila mtoto amewekwa kwenye foleni moja na madarasa. Hapa usambamba uvunjwe: "The fire destroyed three classrooms and a library. It killed the watchman's son." Vitenzi viwili, sentensi mbili. Wahariri wa meza ya habari watashawishika kuongeza maneno kwenye hiyo ya pili kwa sababu inaonekana fupi. Waiache.